Fresha akifika chuoni, nani atamshika mkono?

Mpenzi msomaji, kama umewahi kumsindikiza mwanao siku ya kujiunga na chuo kikuu, bila shaka unaikumbuka siku hiyo vizuri. Mliamka alfajiri. Sanduku lilikuwa jipya, blanketi jipya na ndoo mpya. Mama alipika chapati za kutosha kijiji kizima. Mlipofika mkapanga foleni ya karo, foleni ya chumba, foleni ya kupigwa picha ya kitambulisho, na jioni mkaagana kando ya bweni huku kila mmoja akisingizia kwamba vumbi limemwingia machoni. Mkiwa ndani ya matatu mkirudi nyumbani, baba akasema, "Haya, sisi tumemaliza yetu. Sasa ni kazi ya walimu."

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Kule sekondari mtoto wako alikuwa na mwalimu wa darasa, mwalimu wa zamu, kiranja wa bweni na kengele ya prepu. Akikosa kuonekana asubuhi, mtu aliuliza. Chuo kikuu hakina kengele. Mhadhiri anayewafundisha vijana mia mbili au mia tatu katika ukumbi mmoja hawezi kujua kwamba yule msichana wa safu ya nyuma hajaonekana kwa wiki mbili. Si kwamba ana roho mbaya, hajui tu. Naye msichana, ambaye katika shule yao alikuwa wa kwanza tangu kidato cha kwanza, amerudishiwa mtihani mdogo wa katikati ya muhula na kukuta amepata kumi na moja kwa arubaini. Ameukunja mara nne, akauficha ndani ya Biblia au Kurani yake, na sasa anajiuliza kama waliomteua hawakukosea jina.

Wiki hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumzie leo. Wako mamia ya vijana wanaojiuliza swali hilo siku hiyo hiyo, tena katika bweni moja, lakini kila mmoja anaamini kwamba ni yeye peke yake.

Naijua wiki hiyo kwa sababu ilinikuta. Mwaka wa 1990, kama wasomaji wa umri wangu wanavyokumbuka, vyuo vikuu vyetu vilipokea kwa pamoja kundi la mwisho la Kidato cha Sita na kundi la kwanza la 8-4-4. Mimi nilikuwa wa 8-4-4. Wenzetu walikuwa wamezama miaka miwili katika kalkulasi. Sisi tulikuwa tumeionja tu, kama mtu anayeonja mchuzi. Siku ya kwanza mhadhiri wetu aliandika ubaoni kitu kirefu chenye alama iliyofanana na nyoka aliyesimama, akauliza ni wangapi kati yetu hawakuwahi kukiona. Tukainua mikono, nusu ya ukumbi. Akasema, "Basi mtawauliza wenzenu," akaendelea. Wenzetu nao walikuwa wameshatubandika jina: maseremala. Walisema sisi tulifundishwa kuchonga vigoda, hisabati tungeijulia wapi?

Mtihani wa kwanza ulipokuja nilianguka vibaya mno. Nikawa nasoma usiku kucha, peke yangu, ukurasa ule ule. Usiku mmoja, saa nane hivi, mwenzangu wa chumbani, ambaye alikuwa wa Kidato cha Sita, aligeuka kitandani akaniambia, "Wewe bwana, unakisoma hicho kitabu ama unakilinda?" Nilitaka kukasirika. Akaamka, akavuta kiti. "Nionyeshe umekwama wapi."

Kuanzia hapo tulikutana mara mbili kwa wiki baada ya chakula cha jioni, kwenye meza ya mwisho ya mesi. Mwanzoni tulikuwa wanne, halafu saba, halafu meza ikawa haitutoshi. Hakuna aliyelipwa. Idara haikujua kwamba tupo. Na yule bwana alikiri baadaye kwamba kutufundisha kulimfichulia mambo aliyodhani anayafahamu kumbe aliyakariri tu. Wale wa 8-4-4 tuliokaa kwenye meza ile tulipita mwaka wa kwanza. Ninawajua wawili waliokuwa na akili kunishinda ambao hawakukaa kwenye meza yoyote, na kufikia mwaka wa pili hawakuwapo tena.

Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ilikuwa bahati yangu tu. Baadaye nikaja kusoma habari za mtu aliyelichunguza jambo hili kwa makini, mbali sana na mesi yetu, nikashangaa.

Katikati ya miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani, kulikuwa na kijana aitwaye Uri Treisman aliyekuwa akisomea shahada ya juu huku akisaidia kuwafunza wakufunzi wa hisabati. Aliona jambo lililomkera. Wanafunzi weusi waliokuwa wakisomea kalkulasi ya mwaka wa kwanza walianguka kwa wingi, ilhali wale wenye asili ya Kichina walifaulu. Akawauliza wahadhiri sababu. Majibu, msomaji, utayatambua, maana hata hapa kwetu tunayasikia kila siku: hawana bidii, hawakuandaliwa vyema huko walikotoka, wazazi wao hawajali elimu, ni maskini.

Treisman hakutosheka na porojo za ofisini. Aliwachagua wanafunzi ishirini weusi na ishirini wenye asili ya Kichina, akawafuata kwa muda wa miezi kumi na minane: maktabani, mabwenini, hata majumbani kwao. Zile sababu zote zikaporomoka. Wanafunzi weusi walikuwa wale waliong'ara katika shule zao, wengine wakiwa viongozi wa vijana makanisani, na wazazi wao walikuwa wamejinyima mengi ili wafike pale. Bidii walikuwa nayo. Walisoma saa zile zile walizoagizwa, kama nane kwa wiki.

Tofauti ilikuwa moja. Kumi na wanane kati ya wale ishirini walisoma peke yao daima. Hayo ndiyo yaliyowafikisha chuoni: katika shule zao, asiyetaka kuvutwa chini na wenzake alijifungia chumbani. Wale wa Kichina walisoma saa kama kumi na nne. Walianza kila mmoja kwa nafasi yake, kisha jioni wakakutana, wakala pamoja, wakalinganisha majibu na kukosoana. Swali likiwashinda wote, walijua kwamba ni swali gumu. Mwanafunzi mweusi aliyeshindwa na swali hilo hilo, akiwa peke yake chumbani, alihitimisha kwamba ni yeye mjinga.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, halafu umfikirie yule msichana wetu na karatasi yake iliyokunjwa mara nne.

Aliyoyafanya Treisman baadaye yanapendeza zaidi. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 alianzisha vikundi vya kazi ndani ya chuo. Hakuviita vya wanyonge, wala masomo ya kufidia. Watoto waliozoea kuwa wa kwanza hawaendi mahali palipoandikwa mlangoni kwamba ni pa walioshindwa. Hata wewe usingekwenda. Aliwaalika kama watu wanaotazamiwa kufanya makubwa, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, maswali ambayo mtu mmoja hawezi kuyamaliza bila kumgeukia jirani. Washiriki weusi wakaanza kuwapita wenzao weusi ambao hawakuhudhuria, na kuwapita pia Wazungu na Waasia wengi wa darasa hilo hilo. Masimulizi yake yalichapishwa mwaka 1992, na mwaka huo huo akatunukiwa tuzo ya wakfu wa MacArthur.

Nakuomba uone jambo moja hapo. Mpango huo ulifanywa na watu wa somo lenyewe, kwa maswali ya somo lenyewe. Vyuo vyetu vingi vina ofisi ya ushauri nasaha, na ni vyema. Lakini mtoto aliyekwama katika mlinganyo wa sakiti za umeme haoni sababu ya kwenda kwa mshauri nasaha. Anamhitaji mtu wa idara yake aliyekwama mahali pale pale mwaka jana, ambaye anajua ni mhadhiri gani hupenda kuulizwa na yupi wa kuandikiwa barua pepe kwanza, anayejua kitabu kipi kiko maktabani nakala mbili tu na huisha mapema. Mtu kama huyo huitwa mshauri rika. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, wa tatu au wa nne anayepewa mafresha wachache awashike mkono hadi wazoee.

Sasa, kila fresha na wake. Nina mpwa wangu anayesomea uhandisi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Muhula wake wa kwanza alinipigia simu jioni. "Mjomba, katika kikundi chetu cha maabara niko mimi na wavulana watano. Wao hushika mashine, mimi huandika." Kuandika nini? "Ripoti. Wanasema nina mwandiko mzuri." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Msichana huyu hakufukuzwa wala kutukanwa na mtu, na alama zake zilikuwa nzuri. Hata hivyo alikuwa akifikiria kuhamia kozi nyingine, kwa kuwa kila siku alijiona kama mgeni aliyekaribishwa kwa adabu katika nyumba ya watu.

Suala hili nalo limepimwa. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, Tara Dennehy na Nilanjana Dasgupta, walitoa matokeo kuhusu wasichana 150 waliokuwa wakianza uhandisi. Kwa bahati nasibu, wengine walipewa mwanafunzi mkubwa wa kike wa kuwashauri, wengine wa kiume, wengine hawakupewa mtu. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, wote waliokuwa na mshauri wa kike walikuwa bado katika uhandisi. Kati ya wasiokuwa na mshauri, asilimia 11 walikuwa wameondoka, na kati ya waliopewa wa kiume, asilimia 18. Alama za darasani hazikutofautiana kwa sababu ya mshauri. Kilichotofautiana ni kujiamini, na ile hali ya kujiona kuwa hapa ni kwao.

Usije ukadhani nasema wavulana hawafai. Mimi mwenyewe nilisaidiwa na mtu ambaye hatukutoka shule moja, wilaya moja wala mfumo mmoja wa elimu. Ninachosema ni kwamba msichana aliye peke yake kati ya wavulana hufaidika sana akimwona dada aliyepita njia hiyo hiyo na bado amesimama. Idara isimwachie bahati.

Na milango ya idara ni kitu kizito kuliko tunavyofikiri. Wangari Maathai aliporudi kutoka Marekani mwezi wa Januari 1966 akitazamia kazi katika idara ya zuolojia ya chuo cha Nairobi, aliambiwa nafasi imepewa mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba ukabila na uanauke wake vilichangia. Ni profesa mwingine, Reinhold Hofmann kutoka Giessen, Ujerumani, aliyempa nafasi katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 alipata uzamifu, na kufikia 1976 alikuwa mkuu wa idara hiyo. Hiyo Nobeli ya 2004 sote tunaijua.

Tuje kwa wanafunzi wenye ulemavu, maana hapa maneno ni mengi na vitendo haba. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kupata elimu na kufika mahali popote, na tangu 2003 kulikuwa na sheria iliyokataza kumnyima mtu nafasi ya masomo kwa sababu ya ulemavu. Basi nafasi amepata. Amefika. Darasa liko ghorofa ya tatu na lifti imelala tangu mwaka jana. Mhadhiri anaandika ubaoni huku akisema, "Hii ukiijumlisha na hii, unapata hii," na mwanafunzi asiyeona ameketi pale akijiuliza ni hii ipi.

Mengi ya haya hayahitaji pesa. Kubadilisha ratiba ili darasa la mwenye kiti cha magurudumu liwe chini ni kazi ya kalamu. Mhadhiri kutamka anachoandika ni kazi ya ulimi. Lakini mara nyingi idara haijui, kwa kuwa fresha mlemavu anaogopa kuonekana msumbufu wiki ya kwanza. Mshauri rika ndiye anayeweza kwenda ofisini na kusema, "Jumatano tuko ghorofa ya tatu, na mwenzetu hubebwa ngazini." Lakini mshauri si yaya wala mpagazi. Nimewaona vijana wenye nia njema wanaomjibia kiziwi kabla mkalimani hajainua mkono. Wamwache ajibu. Na mwaka ukiisha, mwanafunzi huyo naye apewe mafresha wake, walemavu kwa wasio walemavu. Kama kuna mtu anayejua kuupangia muhula mkakati, ni yeye.

Wapo wengine wasioonekana kwa macho. Wapo waliotoka kaunti kame ambako shule ilikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia, na mama wa miaka ishirini na mbili aliyemwachia nyanya mtoto. Yupo kijana ambaye mkopo wa HELB haujaingia na anakula mara moja kwa siku, naye huwaambia wenzake kwamba anafunga. Vijana hawa hujikusanya kwa vyama vya watu wa kwao, na sivilaumu. Mgeni akisikia lugha ya mamake mahali pageni hupumua. Tatizo ni pale vikundi vya kusomea vinapofuata mkondo huo huo, hata maswali ya mitihani ya zamani yakawa yanazunguka ndani ya kabila moja. Idara ikipanga vikundi yenyewe, ikachanganya, karatasi hizo zitamfikia kila mtu.

Najua swali ulilo nalo wewe mzazi wa binti, na nisingekuwa mkweli nikilikwepa. Wanafunzi wakongwe wana sifa mbaya. Kila Septemba kuna wanaume vyuoni wanaowangoja mafresha wa kike kama wavuvi wanavyongoja maji kujaa, na maneno yao ya kwanza ni hayo hayo: nitakuonyesha chuo, nitakusaidia masomo. Ndiyo maana jambo hili lisiachwe litokee ovyo. Mshauri awe ameandikishwa na idara na kufunzwa, hata kama ni kwa siku mbili tu. Awe na mafresha watatu au wanne kwa pamoja, asiwe na mmoja. Wakutane maktabani, darasani au mesi, chumbani hapana. Na awepo mhadhiri mmoja, mwenye jina na mlango unaojulikana, ambaye fresha anaweza kumwendea na kusema, "Huyu sitaki," bila kuulizwa maswali mengi. Mshauri naye afundishwe mipaka yake: fresha akisema hataki kuishi, au amebakwa, huyo apelekwe kwa wataalamu siku hiyo hiyo.

Na wapewe kitu. Nimechoka kusikia vijana wakiambiwa wajitolee na watu wanaolipwa marupurupu ya vikao. Barua ya idara ya kuonyesha mwajiri, chakula cha mchana siku za mafunzo, vocha ya simu: hata hivyo si ghali kuliko mwanafunzi aliyeacha masomo baada ya taifa na wazazi kumgharimia miaka miwili.

Idara zikitaka sababu ya kuharakisha, zitazame kalenda. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 imepangiwa mwaka 2027. Kundi la kwanza la mtaala mpya, lililoingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, linatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Litawakuta wale wa mwisho wa 8-4-4 wakiwa mwaka wa pili. Mambo yale ya 1990 yanarudi, msomaji, ila safari hii maseremala ndio wakongwe. Sijui wageni watabandikwa jina gani. Nina hakika wataitwa jina. Swali ni kama kutakuwa na meza ya kuwakalisha, iliyopangwa na idara, au wataachiwa bahati ya kulala chumba kimoja na mtu asiyeweza kuvumilia taa kuwaka hadi saa nane.

Wewe mzazi, siku ya kumpeleka mwanao, ukimaliza foleni zote hizo, tembea hadi ofisi ya idara yake. Uliza maswali mawili tu: fresha wa hapa hupewa nani wa kumwongoza, na mtoto akikwama huenda kwa nani? Wakikutazama kana kwamba umeuliza njia ya kwenda mwezini, uliza tena mwaka ujao, na umwambie jirani yako aulize. Na simu ya Jumapili isiwe ya "umepata ngapi?" pekee. Muulize anasoma na nani. Akikwambia anasoma peke yake kwa sababu wenzake wanampotezea muda, hapo usimsifu haraka.

Mpwa wangu hakuhama kozi. Idara yao ilianza mpango mdogo, wakampa msichana wa mwaka wa nne ambaye kitu cha kwanza alichomwambia ni, "Kesho fika maabara dakika kumi mapema, ushike mashine kabla hawajaja." Sasa yuko mwaka wa tatu na ana mafresha wanne wake mwenyewe, wawili wa kiume. Nilimwalika chakula Alhamisi iliyopita akakataa. "Alhamisi siwezi, Mjomba. Wamerudishiwa mitihani leo."